Dawa ya Kukaza Shingo

Biasha binti Halfani alikuwa na miaka arobaini na mitatu siku alipoiona shingo yake yote kwa mara ya kwanza. Ilikuwa mwaka 1950, Nachingwea, katika nyumba ya mhasibu Mzungu wa mradi wa karanga, ambako alifanya kazi ya kufua na kupiga pasi. Aliingia chumbani kupeleka mashuka. Kwao Ruangwa alikuwa na kioo cha mkononi, cha kutosha jicho au mdomo, si zaidi. Humu mlango wa kabati ulikuwa kioo kitupu kutoka juu mpaka chini. Aliinua macho akamwona mwanamke anamtazama, na chini ya kidevu cha yule mwanamke ngozi imening'inia mikunjo miwili, kama mfuko uliokwisha kumwagwa unga.

Alisimama pale na mashuka yake mpaka mikono ikachoka.

Ujanani hapakuwa na msichana Ruangwa mwenye shingo kama yake. Ilikuwa ndefu, imejaa, ina pingili tatu, na kwenye ngoma wanawake walizitaja pingili zile katika nyimbo. Aliolewa na Mikidadi, akazaa mara mbili na kuzika mara mbili, kisha akamzika na Mikidadi mwenyewe. Mwaka 1946 tumbo lilimlaza miezi minane, akabaki mifupa. Alipopona nyama zilirudi mwilini, mashavu yakarudi. Shingo haikurudi. Yeye hakujua, na waliojua hawakusema.

"Miaka minne mnanitazama hivi," alimwambia mdogo wake Fatu alipokwenda Ruangwa kumsalimia, "na wote mmenyamaza."

"Dada, tungesema nini?" Fatu alijibu. "Ni ngozi tu."

Lakini Fatu mwenyewe alikuwa akiigusa shingo yake wakati anasema hivyo.

Mama wa nyumba ile ya Nachingwea naye hakuwa msichana. Kila alasiri alijipaka krimu nyeupe kutoka chupa nene ya kioo, akajipiga chini ya kidevu kwa mgongo wa mkono, upesi upesi, kisha akajifunga mkanda wa mpira uliopita chini ya kidevu na kukutana utosini. Alilala nao saa nzima, macho ameyafumba, kama maiti iliyofungwa taya. Siku moja Biasha alijipa moyo akamuuliza.

"Memsabu, hii inasaidia?"

Mzungu alicheka, lakini si kwa furaha. "Hapana saidia, Biasha. Mimi nafanya tu. Kwetu iko daktari nakata ngozi, navuta, nashona nyuma ya sikio. Rafiki yangu alifanya."

"Akawaje?"

Mama akaugeukia ukuta. "Uso yake hapana cheka tena," alisema, na hakutaka maneno mengine.

Mwaka uliofuata mambo ya karanga yalianza kuharibika. Matrekta yalisimama mistari porini bila madereva, nyasi zikapanda mpaka kwenye viti. Nyumba za Wazungu zilifungwa moja baada ya nyingine, na upepo ulipovuma milango ya jikoni iligonga mtaa mzima. Mhasibu na mkewe waliondoka kwa treni. Yule mama alimwachia Biasha chupa ya krimu iliyobaki robo na ule mkanda. Biasha alivitumia mpaka krimu ikaisha na mkanda ukalegea. Alijaribu ute wa yai, alijaribu shabu iliyosagwa. Vikikauka, ngozi inavutika kidogo, na moyo wake unapanda. Akinawa, ngozi inashuka palepale ilipokuwa.

Wakati huo alikuwa na sababu. Abdala, seremala mgane wa Chiola, aliyetengeneza milango ya maofisi, alikuwa amemwambia wazi kwamba anataka wafunge ndoa mvua zitakapokatika. Alikuwa mtu wa maneno machache. Hakuwahi kuitaja shingo ya Biasha, wala kuigusa kwa macho. Biasha aliusikia ukimya ule kama alivyousikia ukimya wa Ruangwa. Alijiambia kwamba siku moja Abdala ataamka, ataitazama kwa mwanga wa asubuhi, na yatakuwa yamekwisha.

Ndipo akaenda Mnero, kwenye kliniki ya misheni, kumwona Marselina. Marselina alikuwa mwuguzi, mwanamke wa makamo, mkali kidogo, mwenye mikono ya moto. Aliishika ngozi ya Biasha kwa vidole viwili, akaivuta, akaiachia, akaangalia inavyorudi polepole.

"Hakuna dawa ya kupaka itakayoirudisha hii, mama," alisema. "Ya kukata ipo huko Ulaya, na hata huko hawatoki wote salama. Wewe paka mafuta ya nazi isikauke, ukilima jifunike jua. Basi."

"Basi tu?"

"Basi tu. Na ukimsikia mtu anasema anayo dawa, ondoka mbele yake."

Biasha alimshukuru, akatoka. Njiani alijisemea kwamba Marselina hana mume, hana anayemngojea, anajua nini.

Seleman alifika Nachingwea Novemba ya mwaka 1952, korosho zilipoanza kuanguka. Alivaa kanzu safi, akazungumza kwa sauti ya chini kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa. Siku hii alisema ametoka Lindi, siku ile akasema Kilwa. Alikaa pembeni ya soko bila kunadi kitu. Biasha alipopita na kikapu chake, yule mtu hakumtazama usoni. Aliitazama shingo.

"Wewe ndiye niliyekuwa ninamngojea," alisema.

Biasha alitaka kupita. Badala yake akakitua kikapu.

"Kaa, mama. Umewahi kubangua korosho?"

"Huku nani hajabangua?"

"Utomvu wa ganda ukikushika vidoleni, inakuwaje?"

"Unababua. Ngozi inakufa, inavuka."

"Na chini yake inatoka ngozi gani?"

Biasha alitazama ncha za vidole vyake. "Laini. Kama ya mtoto."

"Imelegea?"

"Haijalegea."

"Basi umejijibu mwenyewe," Seleman alisema, akanyoosha mikono yake ili aione. Viganja vilikuwa laini, vinang'aa, na kwenye vidole hapakuwa na ile mistari midogo ambayo kila mtu huzaliwa nayo. Palikuwa patupu. Biasha alisikia hofu, na hapohapo akasikia tamaa. Aliwasimulia watu baadaye kwamba vile viwili vilikuja pamoja, naye akachagua kukisikiliza kimoja.

"Bei gani?" aliuliza.

"Kwako sitaki hata senti. Ikikaza, utasimama nami sokoni siku tatu wanawake wakuone. Utanilipa kwa shingo."

Alimpaka asubuhi ya Ijumaa, uani kwa Biasha. Dawa ilikuwa ndani ya chupa ya bia, nyeusi, nzito, imechanganywa na asali, na Biasha aliijua harufu yake kabla kizibo hakijatoka: moshi wa maganda ya korosho, ule unaowafanya watu wakae upande unakotoka upepo. Seleman alitumia unyoya wa kuku. Alianzia sikio la kulia akaishia la kushoto, taratibu, kama mpaka rangi wa mashua, bila kuruka hata upana wa kidole.

"Usinawe," alisema. "Usijikune. Usimwambie mtu mpaka itoke."

Mpaka adhuhuri ilikuwa inawasha. Alasiri ilikuwa moto. Siku ya pili malengelenge yaliinuka, uso ukavimba mpaka macho yakabaki nyufa, na Biasha alikaa ndani ameng'ata pindo la kanga asisikiwe na majirani. Abdala alipobisha hodi alimjibu kupitia mlango kwamba ana homa. Seleman alikuja kila siku. Hakuleta chakula wala maji. Alichuchumaa tu, akaitazama shingo, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaondoka.

Siku ya kumi na mbili gamba lilianza kuachia. Lilitoka vipande vipande, jeusi, gumu. Chini yake ngozi ilikuwa ya waridi, inang'aa, na imekaza kama ya ngoma. Biasha alijitazama kwenye dirisha la duka la Mhindi. Hapakuwa na mkunjo. Alicheka peke yake barabarani, akaweka mkono mdomoni, akacheka tena.

Alilipa deni lake la siku tatu. Alisimama karibu na Seleman, kidevu juu, na wanawake wa Nachingwea wakaja kumgusa mmoja mmoja. Walioguswa na umri, na hata wasioguswa, walitaka wapakwe leo, kesho. Lakini Seleman hakumpaka mwingine hata mmoja. Alisema dawa imekwisha, anakwenda kukamua nyingine, atarudi.

"Ruangwa kuna mikorosho mingi," alimwambia Biasha akifunga mzigo. "Una mtu huko?"

"Nina mdogo wangu, Fatu. Nyumba yake iko karibu na njia ya kisimani. Mwambie nimekutuma mimi."

Alisema hivyo kwa furaha. Maneno yale yalimkaa rohoni maisha yake yote.

Kilichofuata kilikuja kidogo kidogo. Wiki ya kwanza aliona kwamba akinywa maji lazima ainamishe mwili wote nyuma. Wiki ya pili alisikia ndege ya mradi inapita, akataka kuitazama, akashindwa. Alidhani amelala vibaya. Ngozi ilikuwa imeota kamba, mbili nene, kutoka kidevuni mpaka mfupa wa bega, nazo zilikuwa ngumu na zinawasha. Kila asubuhi aliamka zikiwa fupi kuliko jana. Alianza kujifunga kanga mpaka kidevuni, na wanawake sokoni wakasema Biasha anaficha uzuri wasimkodolee macho.

Abdala ndiye aliyeuliza. "Mbona siku hizi unanitazama kutoka chini, kama mtu mwenye hasira na mimi?"

"Sina hasira."

"Basi inua uso."

Biasha alijaribu. Mdomo wa chini ndio uliovutika, meno ya chini yakaonekana, uso ukabaki pale.  Abdala alikwenda kumwomba dereva wa lori la mbao nafasi mbili za kwenda Mnero.

Marselina alifungua kanga, akazifuata zile kamba kwa kidole mpaka begani. Hakumkumbusha alichomwambia. Baadaye Biasha alisema afadhali angemkumbusha.

"Uliungua mpaka ndani," Marselina alisema. "Kovu la moto wa namna hii linajivuta. Halijui pa kuachia."

"Litaacha lini?"

"Miezi sita. Mwaka. Usipoinyoosha shingo kila siku, kidevu kitashuka kiote kifuani. Itauma, na itabidi uifanye hivyohivyo." Alinawa mikono, kisha akageuka. "Aliyekupaka yuko wapi?"

Biasha alianza kujifunga kanga.

"Mama. Yuko wapi?"

"Nilimtuma kwa mdogo wangu."

Marselina aliweka taulo chini. Alisema upesi, kama anayetoa amri: "Ukimkuta mtu aliyepakwa muda huohuo, mpanguse kwa mafuta kwanza, mafuta ya kula, mengi, halafu sabuni, halafu maji. Ukianza na maji, utomvu ule hautoki. Aliyekwisha kupata malengelenge usimguse, mlete hapa."

Lori la Ruangwa liliondoka Mnero mchana uleule, Biasha na Abdala wamekaa juu ya magunia. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha. Mbele kidogo lilizama matopeni, likakaa. Watu walisukuma mpaka jua likawa jekundu, bila faida. Asubuhi yake Biasha alishuka akaanza kutembea, Abdala nyuma yake na chupa ya mafuta ya ufuta aliyoinunua kwa mama mmoja njiani. Shingo haikumruhusu kutazama mbele. Alitembea maili zile zote akiitazama miguu yake, na mara nyingi akamuuliza Abdala: "Unaona nini? Unaona nyumba?"

Uani kwa Fatu palikuwa na mkeka, na juu ya mkeka wanawake wanane wamekaa mstari, kimya, wamevaa kama wanaokwenda harusini. Harufu ya moshi wa maganda ilikuwa pale. Seleman alikuwa amechuchumaa na unyoya wake mkononi. Fatu alikuwa mbele yake, kichwa amekitupa nyuma, nusu ya shingo tayari nyeusi.

"Dada!" Fatu alisema kwa furaha. "Umekuja kuniona?"

 Biasha alimshika Fatu bega akamlaza ubavu, akaimimina chupa yote ya mafuta shingoni, akapangusa kwa kanga aliyoivua mwilini, kisha akamsugua kwa sabuni na maji. Kwa hiyo shingo yake mwenyewe ilibaki wazi. Wanawake wa kwenye mkeka waliiona: zile kamba mbili, ngozi ya waridi na nyeusi iliyojikunja kama ngozi ya mbuzi iliyoachwa karibu na moto, mdomo uliovutwa chini.

"Hii ndiyo dawa," Biasha alisema. Ilimpasa kuinua kifua kizima ili awatazame. "Mlisikia jina langu. Mimi ndiye Biasha. Tazameni vizuri. Njooni mguse, kama wale wa Nachingwea walivyogusa."

Hakuna aliyekuja kugusa.

Seleman hakusimama wala hakupaza sauti. Aliufuta unyoya kwenye jani. "Ngozi yake ilikuwa mbaya tangu mwanzo," alisema kwa ile sauti ya chini. "Muulizeni kama hakucheka. Sokoni siku tatu alikuwa anacheka."

"Nilicheka," Biasha alisema. "Ni kweli."

"Mmesikia."

"Wangapi umekwisha kuwapaka?" Abdala aliuliza. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu wafike.

Seleman alitia kizibo kwenye chupa. Fatu, aliyekuwa sasa analia kwa sabuni na kwa hofu, alinyoosha kidole kwenye mlango wa nyumba. Ndani, juu ya kitanda kimoja cha kamba, walilala wanawake wawili waliopakwa juzi, dawa mpya ilipokuwa tayari: Lusiana, mke wa mwalimu, na Zaina, aliyekuwa na mtoto wa kunyonya. Macho yao yalikuwa yamefungwa na uvimbe. Zaina alisikia nyayo akauliza kama siku zake zimetimia aruhusiwe kunawa.

Abdala na Biasha walipotoka nje, Seleman alikuwa ameshika njia ya mtoni, hatembei upesi, mzigo begani. Na mmoja wa wale wanane, mwanamke wa makamo ambaye watu hawakupenda kumtaja baadaye, alikuwa ameinuka kutoka mkekani na kumfuata mbio, akimwita: "Bwana, ningojee. Ningojee, mimi ngozi yangu nzuri."

Jumbe wa Ruangwa alituma watu watano siku ileile. Walikuta ukingoni mwa mto majivu ya maganda, sufuria iliyotoboka na manyoya ya kuku. Mtu hawakumwona. Yule mwanamke alirudi baada ya siku nne, amejifunika mpaka puani, akafunga mlango.

Lusiana alipelekwa Mnero, akapona, akabaki na kovu chini ya sikio. Zaina jeraha lilioza. Homa ilimshika njiani kwenda Mnero, na siku ya kumi na moja tangu apakwe akafa, mtoto yuko kwa bibi yake. Mumewe alimwendea Biasha msibani. Watu walijua atamfanyia jambo. Alimuuliza tu: "Na wewe ilikuuma hivi?" Biasha akasema ndiyo. "Ukanyamaza." Akasema ndiyo. Yule bwana akageuka akaenda kukaa na wenzake, na Biasha hakupata tena usingizi wa kutosha kwa muda mrefu sana.

Shingo ya Fatu ilibaki na mabaka upande mmoja, lakini ilifuata kichwa chake kokote alikotaka.

Biasha na Abdala walioana hata hivyo, bila sherehe, mvua zilipokatika. Kila asubuhi kwa mwaka mmoja na nusu Biasha alilala kitandani chali, kichwa kinaning'inia nje ya ukingo, Abdala ameshika paji la uso na kulishusha polepole mpaka zile kamba zinaanza kutetemeka. Alilia, na Abdala hakuacha, maana Marselina alimwambia asiache. Walipata upana wa kiganja kati ya kidevu na kifua. Ulitosha kuona mtu aliyesimama mbele yake. Siku moja katikati ya kazi ile Biasha alimuuliza kwa nini hakuwahi kusema lolote juu ya shingo ya zamani.

"Niliiona," Abdala alisema. "Mama yangu alikuwa nayo kama ile. Nilipenda kuitazama usipojua."

Biasha alimwambia aachie, akageuka akautazama ukuta mpaka jua likapanda.

Walihamia Ruangwa, wakalima ufuta. Biasha hakujifunga tena kanga mpaka kidevuni. Wanawake wageni walipomwuliza aliwaeleza, mwanzo mpaka mwisho, na jina la Zaina alilitaja.

Mwaka 1956, mwezi wa Septemba, lori kutoka upande wa Tunduru lilisimama Ruangwa kubadilisha gurudumu. Abiria walishuka kutafuta kivuli. Biasha alikuwa kibarazani anapepeta ufuta. Mmoja wa abiria alikuja kuomba maji, mwanamke wa miaka thelathini hivi, amevaa vizuri, na joto lile lote amejifunga kitambaa shingoni. Alipopewa kata hakuinua kichwa. Aliinamisha mgongo nyuma, akanywa kwa upande.

Biasha aliuweka ungo chini.

"Mwanangu, nani alikupaka?"

Yule mwanamke aliitazama shingo ya Biasha, akakaa chini bila kukaribishwa. Alitaja jina. Si Seleman. Ni jina ambalo Biasha hakuwahi kulisikia, la mtu mpole, alisema, wa sauti ya chini, asiyetaka pesa.

"Sasa yuko wapi?"

"Nimemwelekeza kwa shangazi zangu kule Tunduru," mwanamke alisema. "Wako wengi wanamngojea."

Biasha alimwita Abdala kutoka ndani, akamwambia aende akamuulize dereva lori lile linarudi Tunduru lini.